Vigawo, vigawe na namba tasa: watoto wanakariri orodha, lakini hawajui wapi pa kuishia

Mleta uzi (Dodoma Mjini)

Ndugu wana jukwaa, salaam. Naomba tuzungumze kwa kirefu juu ya mada ya hisabati ambayo karibu kila aliyesoma shule ya msingi ameikuta ubaoni, na ambayo wengi wetu tuliiacha huko huko ubaoni. Nafundisha hisabati hapa Dodoma, na kinachonisukuma kuandika ni kwamba watoto wengi wanaingia kidato cha kwanza wakiwa wamekariri namba tasa zote zilizo chini ya 100, lakini ukiwapa namba moja tu iliyo nje ya orodha hiyo hawajui waanzie wapi, na wale wanaojua pa kuanzia hawajui pa kuishia. Kwa maoni yangu, hapo pa kuishia ndipo penye somo lenyewe, na ndipo tunaporuka.

Tuanze na jambo la kushikika. Mkulima wa zabibu wa Makutupora ana miche 84 na anataka kuipanda kwa mistari iliyo sawa, bila mche hata mmoja kubaki nje. Anaweza kupanda mstari 1 wa miche 84, mistari 2 ya miche 42, mistari 3 ya miche 28, mistari 4 ya miche 21, mistari 6 ya miche 14, au mistari 7 ya miche 12. Akijaribu mistari 5 inabaki miche 4, akijaribu 8 inabaki 4, na akijaribu 9 inabaki 3. Namba zote zilizokubali, yaani 1, 2, 3, 4, 6, 7, 12, 14, 21, 28, 42 na 84, ndizo vigawo vya 84, na jumla yake ni 12. Sasa mche mmoja ukikauka, mkulima huyo akabaki na miche 83, hana tena namna ya kuipanga isipokuwa mstari mmoja mrefu. Namba 83 ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe, na kwa hiyo ni namba tasa.

Vigawe ni uhusiano huo huo ukitazamwa kutoka upande wa pili. Tukisema 7 ni kigawo cha 84, tumekwisha kusema kwamba 84 ni kigawe cha 7. Tofauti kubwa ni kwamba vigawo vya namba vina mwisho, kwa sababu hakuna kinachozidi namba yenyewe, ilhali vigawe havina mwisho: 7, 14, 21, 28 na kuendelea kadiri mtu anavyotaka kuhesabu.

Turudi kwenye ile miche 84, maana kuna jambo pale ambalo halisemwi darasani. Vigawo vilikuja kwa jozi, na kila jozi ilikuwa na mdogo na mkubwa: 2 na 42, 3 na 28, hadi 7 na 12. Mdogo anapanda na mkubwa anashuka, na wanakutana kwenye kipeuo cha pili cha 84, ambacho ni kama 9.17. Vigawo viwili haviwezi vyote kuwa vikubwa kuliko kipeuo hicho, kwa sababu zao lao lingezidi 84. Kwa hiyo mtu akishajaribu hadi 9 amemaliza kazi, na hana haja ya kujaribu 10 wala 11 wala namba nyingine yoyote inayofuata, kwa kuwa kila kigawo kikubwa kimekwisha kujitokeza pamoja na mwenzake mdogo.

Kwa anayetafuta kama namba ni tasa, kazi inapungua zaidi. Hahitaji kujaribu kila namba hadi kwenye kipeuo, bali namba tasa peke yake, kwa sababu namba isiyogawanyika kwa 2 haiwezi kugawanyika kwa 4 wala 6 wala 8.

Nitoe mifano kutoka kwenye miaka tunayoijua sote. Mwaka wa uhuru wa Tanganyika ni 1961. Ukiitazama namba hiyo inaonekana tasa kabisa: ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 17, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Kipeuo chake cha pili ni zaidi kidogo ya 44, basi tunajaribu 7, inabaki 1. 11, inabaki 3. 13, inabaki 11. 17, inabaki 6. 19, inabaki 4. 23, inabaki 6. 29, inabaki 18. 31, inabaki 8. Kisha 37, na haibaki kitu. 1,961 ni 37 × 53. Anayekata tamaa kwenye 31 anaandika jibu lisilo sahihi, ingawa amefanya kazi kubwa.

Mwaka wa Muungano, 1964, ni rahisi kwa kuwa ni shufwa: 2 × 2 × 491. Lakini chukueni 1973, mwaka ulipofanyika uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa Dodoma. Kipeuo chake nacho ni zaidi kidogo ya 44. Mkijaribu 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41 na 43, kila moja inaacha baki. Baada ya 43 tunaishia, na tuna haki ya kusema kwa uhakika, bila kuangalia orodha yoyote, kwamba 1,973 ni namba tasa.

Naomba michango ya walimu, wazazi na wanafunzi.

Mzazi (Chamwino)

Mwalimu, nakushukuru kwa uzi huu. Mwanangu yuko darasa la sita na daftari lake linasema kwamba namba tasa ni namba inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa maelezo hayo 1 nayo ni tasa, maana inagawanyika kwa 1, na yenyewe ni hiyo hiyo 1. Jambo la pili, aliniambia kwamba namba tasa zote ni witiri. Naomba ufafanuzi, kwa sababu nilishindwa kumjibu kwa uhakika.

Mleta uzi (Dodoma Mjini)

Ndugu mzazi, maelezo ya daftari hilo yamepungukiwa na neno moja tu, nalo ni "viwili". Namba tasa ni namba nzima yenye vigawo viwili kamili, visivyopungua wala kuzidi. 1 ina kigawo kimoja, basi haimo. 2 ina vigawo 1 na 2, basi imo, na ndiyo namba tasa pekee iliyo shufwa, kwa kuwa kila shufwa nyingine ina 2 kama kigawo cha tatu.

Mtoto anaweza kuuliza kwa nini tuliamua kuiacha 1 nje, na swali hilo linastahili jibu. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 inaweza kuandikwa kama zao la namba tasa kwa njia moja tu, tusipojali mpangilio. 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, na hakuna mtu popote duniani atakayepata vigawo tasa vingine vya 60. Kama 1 ingehesabiwa kuwa tasa, mmoja angeandika 1 × 2 × 2 × 3 × 5, mwingine 1 × 1 × 2 × 2 × 3 × 5, na upekee huo ungepotea. Upekee huo ndio unaobeba karibu kila kitu kinachofuata katika hesabu za namba, kwa hiyo ni afadhali kuiweka 1 kando. Wapo wanahisabati wa zamani walioihesabu 1 pamoja na tasa, akiwemo Christian Goldbach katika barua yake kwa Leonhard Euler ya mwaka 1742, barua ambayo ndani yake limo dai lililozaa swali maarufu ambalo hadi leo halijathibitishwa: je, kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili?

Mwalimu wa shule ya msingi (Bahi)

Nakubaliana na mleta uzi kuhusu kipeuo cha pili, lakini naomba tukumbuke hali ya darasa. Mtoto wa darasa la tano bado hajafundishwa kipeuo cha pili vizuri, na darasa lina watoto wengi. Mimi huanza na kanuni za kutambua ugawanyikaji kwa 2, 3, 5, 9 na 10, kwa sababu mtoto anapata ushindi wa haraka. Tatizo langu ni 7. Vitabu vingi huiruka, na hiyo 7 ndiyo inayowaangusha watoto kwenye 91, 119, 133 na 161.

Mleta uzi (Dodoma Mjini)

Mwalimu mwenzangu, nakuunga mkono kuhusu kanuni, kwa sharti moja: mtoto aelezwe kwa nini zinafanya kazi, la sivyo zitakuwa orodha nyingine ya kukariri. Chukua 4,572. Elfu moja ni 999 + 1, mia ni 99 + 1, kumi ni 9 + 1. Ukitoa sehemu zote za 999, 99 na 9, ambazo zinagawanyika kwa 3 na kwa 9, kinachobaki ni 4 + 5 + 7 + 2, yaani 18. Kwa kuwa 18 inagawanyika kwa 9, namba nzima nayo inagawanyika kwa 9. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuelewa jambo hilo akiandikiwa ubaoni taratibu.

Kwa 11, tarakimu zinatolewa na kujumlishwa kwa zamu kutoka kulia. Kwa 2,728 tunapata 8 − 2 + 7 − 2 = 11, na hivyo 2,728 inagawanyika kwa 11, ikitoa 248.

Kwa 7, toa tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, kisha ipunguze kutoka kwenye namba iliyobaki. Kwa 1,491: tarakimu ya mwisho ni 1, mara 2 ni 2, na 149 − 2 ni 147. Rudia: 7 mara 2 ni 14, na 14 − 14 ni sifuri. Basi 1,491 inagawanyika kwa 7, nayo ni 7 × 213. Sababu yake ni kwamba namba yoyote ni kumi mara namba ya mbele, jumlisha tarakimu ya mwisho. Ukipunguza mara mbili ya tarakimu hiyo kwenye namba ya mbele, kwenye namba nzima umepunguza mara 21 ya tarakimu hiyo, na 21 ni kigawe cha 7, kwa hiyo ugawanyikaji haukuguswa.

Kwa namba zenye tarakimu sita ipo njia ninayoipenda kuliko zote. 7 × 11 × 13 ni 1,001. Basi chukua 361,452, itenganishe katikati, na utafute tofauti: 452 − 361 ni 91. Kwa kuwa 91 ni 7 × 13, namba yote inagawanyika kwa 7 na kwa 13, lakini haigawanyiki kwa 11. Kwa kutoa mara moja umejibu maswali matatu.

Kuhusu kipeuo cha pili, hakuna haja ya kukitaja kwa jina. Mwambie mtoto azidishe namba anayojaribu kwa yenyewe: zao likizidi namba aliyopewa, aache. 11 × 11 ni 121, imezidi 91, basi kwa 91 mwisho ni 7.

Mchangiaji (Singida)

Pamoja na heshima zote kwa mwalimu, mimi sioni ubaya wa kukariri. Sisi tulikariri tasa 25 zilizo chini ya 100 na zimetusaidia. Halafu siku hizi kila mtu ana simu yenye kikokotoo, na mtoto anaweza kugawanya 1,961 kwa namba yoyote kwa sekunde mbili. Kwa nini tumtese?

Mleta uzi (Dodoma Mjini)

Ndugu yangu wa Singida, kikokotoo kitamwambia kwamba 1,961 ÷ 37 ni 53, lakini hakitamwambia ajaribu 37, wala hakitamwambia kwamba baada ya 43 anaweza kupumzika. Hiyo ni kazi ya akili yake. Sipingi kabisa kikokotoo kutumika katika kugawanya.

Kuhusu kukariri, nakubali nusu. Tasa kumi na moja za kwanza, yaani 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29 na 31, zinafaa kukaa kichwani, kwa sababu zinatosha kupima namba yoyote hadi 1,368. Tasa inayofuata ni 37, na 37 × 37 ni 1,369. Mtu mwenye namba kumi na moja kichwani anaweza kuhukumu zaidi ya namba elfu moja. Huyo hahitaji kubeba orodha ndefu.

Na hata orodha yenyewe ni afadhali mtoto aitengeneze kwa mkono wake. Njia ya kufanya hivyo inahusishwa na Eratosthenes, mtu aliyezaliwa Kirene, katika nchi ambayo leo ni Libya, na ambaye alisimamia maktaba ya Aleksandria huko Misri katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Mtoto anaandika namba kuanzia 2 hadi 100. Anaiacha 2 na kukata vigawe vyake vyote vinavyofuata: 4, 6, 8 na kuendelea. Anaiacha 3 na kukata vigawe vyake, kuanzia 9, maana 6 imekwisha kukatwa. Anaiacha 5 na kuanza kukata kwenye 25. Anaiacha 7 na kuanza kwenye 49. Na hapo anaishia, kwa kuwa tasa inayofuata ni 11, na 11 × 11 imevuka 100. Zote ambazo hazikukatwa, 25 kwa jumla, ni tasa. Ninaipenda kazi hii kwa sababu vigawe ndivyo vinavyofichua namba tasa, na mtoto anaona kwa macho yake kwamba mada tatu zilizoandikwa kwenye kurasa tofauti za kitabu ni mada moja. Anaona pia kwamba hakuhitaji kugawanya hata mara moja.

Mfanyabiashara wa nafaka (Kibaigwa)

Mimi si mwalimu, lakini nimefuatilia. Naomba kuuliza kitu cha kazini. Nina mahindi kilo 1,147 na maharage kilo 851. Nataka kufungasha kwenye mifuko ya uzito mmoja, bila kuchanganya na bila mabaki, na mfuko uwe mkubwa kadiri inavyowezekana. Najua shuleni tuliita KKS, Kigawo Kikubwa cha Shirika, lakini nikijaribu kutafuta vigawo tasa vya 1,147 nafika 19 bila kupata kitu.

Mleta uzi (Dodoma Mjini)

Swali zuri sana, na linanipa nafasi ya kusema jambo ambalo linanisikitisha katika ufundishaji wetu. Tunafundisha KKS kwa njia ya vigawo tasa peke yake, ilhali ipo njia ya zamani zaidi ya miaka 2,000, iliyomo katika kitabu cha saba cha Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ambayo haihitaji kujua kigawo hata kimoja. Msingi wake ni huu: chochote kinachogawanya namba zote mbili bila baki kinagawanya pia tofauti yake. Basi gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki, kisha gawanya ndogo kwa baki hilo, na uendelee hadi baki liwe sifuri.

1,147 ukigawanya kwa 851 inabaki 296. 851 ukigawanya kwa 296 inabaki 259. 296 ukigawanya kwa 259 inabaki 37. 259 ukigawanya kwa 37 ni 7 kamili, hakuna baki. KKS ni 37. Fungasha mifuko ya kilo 37, utapata mifuko 31 ya mahindi na 23 ya maharage. Hatua nne zimetosha. Ulipofika 19 ulikuwa umebakiza 23, 29 na 31, na hiyo 31 ndiyo ingekubali kwanza, kwa kuwa 1,147 ni 31 × 37.

Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS, kinapatikana papo hapo: zidisha namba zote mbili, kisha gawanya kwa KKS. Kwa namba ndogo mtu aorodheshe tu vigawe. Daladala mbili zikiondoka kituoni pamoja, moja kila dakika 12 na nyingine kila dakika 18, zitaondoka pamoja tena baada ya dakika 36.

Mwanafunzi wa kidato cha pili (Kondoa)

Shikamoo mwalimu. Nimejaribu namba mbili mwenyewe. Ya kwanza ni 2,021. Kipeuo chake ni karibu 44.96, kwa hiyo nilijaribu tasa zote hadi 41 na zote zikaacha baki, kisha 43 ikakubali: 43 × 47. Ya pili ni 2,027. Nilijaribu hadi 43 na hakuna iliyokubali, kwa hiyo nimeandika kwamba ni tasa. Maswali yangu ni mawili. Je, kuna njia ya kujua idadi ya vigawo bila kuviorodhesha? Na je, namba tasa zinaisha?

Mleta uzi (Dodoma Mjini)

Marahaba mwanangu. Majibu yako yote mawili ni sahihi, na umechagua namba nzuri kuliko zangu, maana katika 2,021 kigawo kimejificha kwenye tasa ya mwisho kabisa ya kujaribiwa.

Idadi ya vigawo inapatikana hivi. Andika namba kwa vigawo tasa: 360 ni 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5. Kila kigawo cha 360 kinatengenezwa kwa kuchagua 2 ngapi za kuchukua, 3 ngapi na 5 ngapi. Kwa 2 una chaguo nne, yaani kutochukua, kuchukua moja, mbili au tatu. Kwa 3 una chaguo tatu, na kwa 5 chaguo mbili. 4 × 3 × 2 ni 24, basi 360 ina vigawo 24. Jaribu kwa 84, ambayo ni 2 × 2 × 3 × 7: 3 × 2 × 2 ni 12, sawasawa na ile idadi niliyoipata kwa miche. Utagundua pia kwamba namba za mraba, kama 36 au 2,025, ndizo pekee zenye idadi witiri ya vigawo, kwa sababu kipeuo chao ni kigawo kinachofanya jozi na chenyewe.

Namba tasa haziishi. Uthibitisho wake umo katika kitabu cha tisa cha Euclid, na ninauona kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa ambayo akili ya binadamu imewahi kuyapata. Chukua orodha yoyote ya namba tasa yenye mwisho, zizidishe zote, kisha ongeza 1. Namba utakayopata ukiigawanya kwa tasa yoyote ya orodha yako inabaki 1. Lakini lazima iwe na kigawo tasa, kwa hiyo kigawo hicho hakimo kwenye orodha. Basi hakuna orodha inayoweza kuwa kamili.

Angalia usiteleze hapa, maana wengi huteleza: sijasema kwamba namba hiyo mpya ni tasa. 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 jumlisha 1 ni 30,031, nayo ni 59 × 509. Si tasa, ila vigawo vyake vyote viwili ni tasa ambazo hazikuwamo, na hilo linatosha.

Mtengeneza programu (Nzuguni, Dodoma)

Naomba kuongeza upande wa kompyuta, kwa sababu huko njia ya kujaribu hadi kwenye kipeuo inafika mahali inakwama. Namba yenye tarakimu 12 ina kipeuo chini ya milioni moja, na kompyuta inamaliza kabla hujapepesa macho. Namba yenye tarakimu 300 ina kipeuo chenye tarakimu 150, na hakuna mashine yoyote itakayoweza kujaribu tasa zote zilizo chini yake.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kutambua kama namba kubwa ni tasa ni kazi nyepesi kuliko kupata vigawo vyake. Mwanahisabati Pierre de Fermat alieleza kwamba kama p ni tasa, basi ukichukua 2 yenye kipeo cha p, yaani 2 zilizo p kwa idadi zikizidishwa pamoja, ukatoa 2, jibu linagawanyika kwa p. Kwa hiyo namba ikishindwa jaribio hilo, si tasa, hata kama hujui kigawo chake hata kimoja. Namba ikifaulu bado hatuna uhakika, kwa sababu 341 inafaulu ilhali ni 11 × 31, na ipo 561, yaani 3 × 11 × 17, ambayo inafaulu hata ukiweka namba yoyote nzima mahali pa 2. Ndiyo maana yakatafutwa majaribio makali zaidi. Mwaka 2002 Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena wa Kanpur, India, walitoa njia ya kwanza yenye uhakika kamili kwa kila namba, isiyotegemea bahati, na ambayo muda wake haulipuki kadiri tarakimu zinavyoongezeka.

Mfano wa pengo hilo katika historia ni 2 yenye kipeo cha 67, toa 1. Édouard Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba si tasa, lakini hakuwa na vigawo vyake. Vilipatikana mwaka 1903 na Frank Nelson Cole: 193,707,721 × 761,838,257,287. Pengo hilo ndilo linalolinda siri nyingi za mtandaoni. Katika RSA, mfumo wa kuficha ujumbe usisomwe na wengine, uliobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, ufunguo wa wazi hubeba zao la namba tasa mbili kubwa. Kila mtu anaruhusiwa kuliona zao, na usalama unategemea ugumu wa kulivunja likarudi kuwa tasa zake.

Tasa kubwa kuliko zote iliyotangazwa mwaka 2024 ni 2 yenye kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu zaidi ya milioni 41.

Mzazi (Chamwino)

Nimejifunza mengi. Mwanangu ameniletea 8,633 na anadai haina kigawo. Amejaribu hadi 31. Je, aendelee hadi wapi, na hakuna njia ya mkato?

Mleta uzi (Dodoma Mjini)

Mwambie hajafika. Kipeuo cha 8,633 ni karibu 92.9, kwa hiyo anatakiwa kujaribu tasa hadi 89, ambayo ni tasa ya 24.

Njia nyingine ipo, na ni ya huyo huyo Fermat aliyetajwa hapo juu. Badala ya kuanza chini na kupanda, tunaanza kwenye kipeuo chenyewe. Tafuta mraba wa kwanza unaozidi 8,633: 93 × 93 ni 8,649. Tofauti ni 16, na 16 ni mraba wa 4. Basi 8,633 ni mraba wa 93 toa mraba wa 4, na tofauti ya miraba miwili siku zote ni (93 − 4) × (93 + 4), yaani 89 × 97. Hatua moja imefanya kazi ya tasa 24. Kama tofauti isingekuwa mraba, tungejaribu 94, kisha 95, na kuendelea.

Asije akaitupa ile njia ya kwanza, hata hivyo. Njia hii ni ya haraka pale tu vigawo viwili vinapokaribiana, jambo ambalo hatulijui kabla ya kuanza. Kwa 1,961 inafanya kazi vizuri: 45 × 45 ni 2,025, tofauti ni 64, mraba wa 8, na hivyo 37 × 53. Lakini kwa 1,959, ambayo ni 3 × 653, atapanda kutoka 45 hadi 328 kabla ya kupata jibu ambalo kugawanya kwa 3 kungempa mwanzoni kabisa. Ninachowaagiza wanafunzi wangu ni kuanza na tasa ndogo hadi 13, kisha kujaribu miraba mitatu au minne juu ya kipeuo, na isipotokea kitu, kurudi kwenye 17 na kuendelea kupanda.